Kiti cha Mama Kabulo

Kimeletwa kwangu mabegani mwa vijana wawili
kama mgonjwa anayepelekwa zahanati:
kiti kirefu cha Pejo mia nne na nne,
gari la mizigo lililonitangulia kuzaliwa.

Hapa Kamalondo, ubavuni mwa gereji ya pikipiki,
nikakilaza mezani.
Skai yake iliwahi kuwa nyekundu,
sasa rangi ya ini lililochemshwa,
imepasuka, imeshonwa, imepasuka tena,
na mtu fulani, Mungu amsamehe,
aliishona kwa kamba za viatu.

Nikachana.
Kwanza skai, kisha gunia la unga lenye herufi zilizofifia,
kisha nywele za farasi
(farasi gani? nani alimwona farasi barabara ya Kipushi?),
kisha vumbi, tabaka juu ya tabaka:
jekundu la kiangazi cha juzi,
jeusi la makala,
na chini kabisa lingine, la kijani hafifu,
la alfajiri ambazo gari lilibeba watu wa mgodi.

Springi ishirini na nne; saba zimekatika.
Sarafu mbili za makuta, zisizonunua hata kiberiti.
Punje za mahindi.
Ufunguo mdogo wa sanduku
ambalo huenda hadi leo limefungwa.

Na upande wa kushoto, shimo.
Lilikuwa na umbo, shimo lile:
paja moja chini kuliko jingine,
nyonga imeegemea mlango
kama mtu anayeisikiliza injini kwa sikio moja.

Nililifuta.
Siku nne. Nilifunga springi mpya kwa kamba ya katani,
fundo nane kila moja, kama nilivyofundishwa na bwana Tshinyama,
kofi moja kwa kila fundo lililolegea.
Nikakata sponji, nikavuta skai mpaka ikaita kama ngoma.
Mshono mnyoofu. Nilijisifu, sitaficha.

Kukifunga garini ndiko kulikonitoa jasho.
Reli zimeshikana kwa kutu, grisi imekwisha,
nikazilainisha kwa mawese ya mke wangu.
Boliti nne, matundu matatu:
sakafu ilizibwa zamani kwa bati la paa,
na tundu la nne, nadhani,
linavujisha mvua nyumbani kwa mtu.

Jumamosi akaja mwenyewe, Mama Kabulo,
viatu mkononi.
Akapanda. Akakaa. Kimya.
Kilemba kiligusa dari.
Miguu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani,
ncha ya kidole ikaitafuta klachi, isiipate.

«Fundi,» akasema, «hii kiti ni ya nani?»

Miaka thelathini na mmoja ya makala na unga
kiti kilimshusha kidogo kidogo,
naye kila mwaka akajifunza barabara upya
kutoka chini zaidi:
kioo, usukani, mikanda ya askari wa njiani.
Nami kwa siku nne nimempandisha
mpaka mji ambao haujui.

Nikafungua boliti. Nikafumua mshono wangu mnyoofu.
Nywele za farasi zilikuwa bado guniani, zikingoja kuchomwa;
nikazirudisha, kushoto tu,
nikalegeza fundo nilizopigiwa makofi.
«Kaa, Mama.»
«Bado. Toa ingine.»
Nikatoa. «Toa ingine.»
Jua likahamia upande wa pili wa barabara.
Mara ya sita hakusema kitu.
Nyonga ikaufuata mlango,
mkono ukaenda wenyewe kwenye gia, ubavuni mwa usukani.

Alinilipa nusu; nusu nyingine, mwisho wa mwezi.
Ufunguo aliutazama, akacheka,
akaufunga kwenye pindo la kitenge, hakueleza.

Mkiiona Pejo ile njia ya Katuba,
kiti kipya kimezama kushoto,
msiseme fundi alikuwa mlevi.
Nilipima.