Bila Msumari

Sharti la Mzee Pazi limeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango:
MARUFUKU MSUMARI.
Ukuta wake ni mchanga mwingi na saruji ya kusalimiana,
ukigonga huku, tofali linadondoka kwa jirani.

Basi nikahamia Kigogo na kitanda, ndoo mbili,
na miaka sita ya ndoa iliyokunjwa ndani ya shuka.
Chumba kimoja. Dirisha linalotazama choo cha wapangaji wote.
Na ukutani, juu ya mto,
doa la unyevu, kubwa kama sinia la pilau,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Usiku wa kwanza nililitazama, nalo likanitazama.

Jumamosi nikaenda Keko kwa maseremala,
si kununua. Kuokota.
Kibwana alikuwa anakata mninga wa kitanda cha bwana harusi;
vipande vinavyobaki, urefu wa mkono wa mtoto,
huwa vinaivisha maharage ya mchana.
"Nipe hivyo, nikupe hela ya mkaa."
Akacheka, akanichagulia vilivyonyooka,
akanitilia na gundi kwenye kopo la maziwa,
"maana unaonekana una shughuli, dada."

Karume nikafika jua likishuka,
saa ambayo wenye mitumba wamechoka kubeba.
Pazia la kijani, lina tundu la sigara: buku.
Tundu nikaliziba kwa ua la kitambaa.
Ua likaonekana pweke.
Nikashona mengine tisa.

Kisha ile kanga. Ile ya harusi.
WEWE NDIYE NURU YA NYUMBA YANGU.
Nikashika mkasi, nikapima mara mbili, nikakata mara moja:
"Nuru ya nyumba yangu" nikaizungushia kwenye wavu wa feni mbovu,
nikaivisha balbu, chumba kikawa rangi ya embe bivu.
"Wewe ndiye" ni tambara la kushikia sufuria.

Hakuna dari hapa, kuna kenchi tu,
na kenchi hazikutajwa mlangoni.
Nikapanda juu ya ndoo na kamba ya katani,
nikafunga pazia, nikafunga taa,
nikafunga fremu ya mninga, tupu, bila picha,
ikashuka taratibu mpaka ikalizunguka lile doa.

Mama Nuswe alikuja kuazima kiberiti, akasahau kiberiti.
"Umenunua wapi mchoro huu?"
"Ukiona vinaning'inia," nikamwambia, "vimefungwa."

Tarehe mbili, Mzee Pazi na daftari lake.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi, kama yuko kwa watu.
"Chumba kimependeza," akasema.
"Mwezi ujao ongeza elfu kumi."

Sikubishana.
Nikageuza ndoo, nikapanda, nikaanza kufungua mafundo.
Pazia likashuka, na choo kikaingia ndani.
Fremu ikashuka,
na mchoro ukarudi kuwa doa.
Mzee Pazi akalitazama
kama mtu aliyepewa picha yake ya pasipoti.
"Hii... inavuja?"
"Tangu masika ya kabla yangu."

Akakohoa. Akahesabu elfu arobaini ileile,
akalowesha kidole, akahesabu tena, akasaini.
Alipofika uani akarudi hatua moja:
"Hiyo taa lakini... hiyo usiishushe."

Usiku mvua ilipiga mabati, nami nikafunga upya,
fundo kwa fundo, miguu ikitetemeka juu ya ndoo.
Fremu ikagoma kukaa sawa.
Nikasogeza mwanga wa simu karibu:
doa limeota kitu upande wa kulia,
kama kiwiko cha mtu anayejinyoosha baada ya usingizi.
Nikaisogeza fremu vidole viwili,
mkono upate kuingia.