Mpime na Baba

Saa mbili na robo. Mlima umejifunika,
Moshi yote inanuka mvua na vumbi la jana.
Nderingo, miaka saba, sweta ya shule kiunoni,
gego la chini, kushoto, limetoboka.

Kazi yangu hapa ni ndogo:
kumzungushia mkanda mkononi, kubonyeza,
kuandika.
"Hauumi," namwambia. "Unakumbatia tu,
kama bibi asiyetaka uondoke."
Bibi yake, anasema, hakumbatii hivyo.

Mia ishirini na sita juu ya themanini na mbili.
Kwa mtoto aliyekunywa uji na kupanda ngazi taratibu
hiyo si presha ya damu.
Ni ya mashine ya chumba cha pili
inayovuma kama nyigu ndani ya kopo,
ni ya harufu ya karafuu, ni ya kaka mtu
aliyemnong'oneza jana, taa zimeshazimwa:
sindano yao ina urefu wa rula.

Daktari Kileo anampa kioo kidogo chenye mpini.
"Nionyeshe wewe."
Nderingo anahesabu meno yake mwenyewe,
anapotea kwenye kumi na tano, anaanza upya.
Tunasubiri. Foleni nje inakohoa.

Kisha ananigeukia:
"Sista, mpime na baba."

Baba ni fundi wa kuchomelea, wa kule Pasua,
mikono imejaa makovu ya cheche.
Anacheka kicheko cha midomo mitupu, meno hayaonekani.
Natafuta mkanda mkubwa.

Mia sitini na moja juu ya mia.

"Mimi," anaiambia sakafu,
"niling'olewa kwa koleo, Kibosho, niko darasa la pili,
wajomba wawili wamenikalia miguu."

Mtoto amekishika kidole gumba chake.
"Pumua kwa pua, baba. Halafu hesabu meno."

Nampima Nderingo tena, hakuna aliyeniagiza:
mia na nne juu ya sitini na sita.
Naandika. Kadi haina mahali
pa kuandika nani alimshika nani.

Jino limetoka kabla ya saa tatu.
Amelifunga kwenye pamba, amempa baba alibebe.
Nami nimemwandikia baba tarehe yake, Jumatano,
kinywa na presha, vyote viwili.

"Jumatano nina kazi ya mageti," anasema.

"Nitamleta," anajibu Nderingo,
nusu ya mdomo imekufa ganzi.