Sekunde Nane

Juu yangu, hapa Umoja, Wambua ana king'amuzi kipya.
Mimi nina simu yenye ufa.
Bao humfikia yeye kwanza.

Basi dari ndiyo mtabiri wangu:
kiti kikiburutwa, najua ni kona;
miguu ikitwanga, chokaa ikadondokea chai yangu,
najua tumefunga,
ingawa kwangu winga bado anafunga kamba za kiatu.

Leo robo fainali, penalti ya mwisho.
Kijana wetu anaupanga mpira,
anarudi hatua tatu,
anajifuta jasho.

Juu, kimya.
Kisha bomba likafunguliwa, polepole,
mtu akaanza kuosha sufuria.

Nikamtazama kijana akiukimbilia mpira,
uso umejaa matumaini,
nikatamani kumwambia
asipige.