Sekunde Nne na Nusu

Napasua puto katikati ya kanisa tupu, Paisley,
mwezi wa pili, pumzi yangu ikitoka moshi.
Mlio unapanda kwenye mawe, unagonga dari,
unarudi, unakwenda tena, kama mtu
aliyesahau funguo ndani.
Kipimo changu: sekunde nne na nusu.

"Humu," asema Bi Effie Galbraith,
mfungua mlango wa miaka thelathini,
"mwimbaji mmoja alitosha kuwa kwaya."

Simbishii. Lakini Septemba hapa ni darasa.
Watoto kumi na wawili, vifaa vidogo masikioni,
na kwao mwangwi ni uji:
neno la kwanza halijatua,
la pili limeshalikanyaga kisigino.
Irabu zinaelea. Konsonanti zinazama.

Basi zulia. Basi pazia zito, lenye mikunjo ya ziada.
Sufu ya mawe nyuma ya mbao zenye matundu,
dari ya pili, ya chini, inayomeza badala ya kujibu.
Napasua tena: pu.
Nusu sekunde.
Effie anatazama juu, kama aliyebisha hodi
kwake mwenyewe, asiitikiwe.

Ngazi za mnara sikuzigusa.
Hazimo kwenye ramani ya kazi,
ndivyo nilivyomwambia mkubwa wangu.

Ijumaa moja namkuta huko na mtoto, Mhairi,
kavua vifaa vyake, kaviweka mfukoni,
kiganja kimebandikwa ukutani.
Effie anashusha noti moja, nzito, ya chini kabisa,
na jiwe linaipokea,
linaipeleka mkononi.