Taa ya Mwisho wa Bomba

Saa elfu nane, mia nne na tatu:
ndivyo kisanduku kinavyosoma asubuhi ya leo.
Naichomoa ala yake ya kioo, naipangusa kwa ndimu
kama mama alivyopangusa kioo cha kandili,
ila masizi ya huku ni chumvi, ni kutu,
ni ziwa lenyewe likitaka kuziba jicho.

Usiitazame usoni, huwaambia wanafunzi wa chuo.
Ule ubuluu mnaouona ni kivuli chake tu.
Mwenyewe, urujuanimno, haonekani,
na asiyeonekana ndiye afanyaye kazi.
Kijidudu hupita mbele yake nukta mbili, tatu.
Hafi. Hutokea upande wa pili akielea, mzima wa mwili,
ila amesahau namna ya kuzaa.

Nilijivunia taa ya kwanza,
ile kubwa, kule mtamboni, ufuoni.
Chupa zangu zilitoka safi wiki baada ya wiki
nami nikaandika sifuri, sifuri, sifuri,
kwa kalamu nyekundu, kwa raha.

Ndipo akapiga simu Kageha wa Nyalenda,
Kageha wa kibanda cha maji, mwenye ufunguo shingoni.
"Fundi, maji yako yanaharisha watu."
Nikamwambia haiwezekani.
Nikamsomea sifuri zangu.
Akanyamaza, kisha:
"Mtoto wa Oguda ametundikiwa dripu. Msomee yeye."

Tulilifuata bomba siku hiyo, mimi na Abuto,
kilomita nne, nyayo zikisikiliza.
Lilipita chini ya gereji, chini ya banda la kuku,
likakatiza mtaroni wazi kama mfupa,
na hapo kwenye ufa mtu alikuwa amelifunga
kwa tyubu ya baiskeli, mafundo matatu,
kazi ya mtu aliyechoka kutusubiri.
Stima ikipotea, pampu hulala,
na bomba likikosa msukumo huvuta pumzi
kwa kinywa hichohicho.
Mtaro nao si mchoyo.

Niliketi ukingoni, suruali ikalowa.
Klorini ina adabu za kikwetu:
humsindikiza mgeni hadi njia panda,
hadi mlangoni kwake, hadi mtungini,
ingawa harufu yake huingia na kwenye chai.
Mwanga humwaga mgeni palepale kizingitini,
ukageuka ndani.
Na giza la bomba ni refu.
Haukunidanganya. Mwanga hauna kumbukumbu;
mimi ndiye niliyeupa.

Tulibadilisha bomba, mita sitini na mbili
(tuliomba mia tatu).
Tukarudisha klorini kidogo, Kageha akakunja pua.
Kisha taa nyingine, ndogo, urefu wa mkono wangu,
tukaileta huku mwisho, ndani ya kibanda,
hatua moja kabla ya mfereji,
na vali inayojifunga stima ikikatika:
hakuna taa, hakuna maji.

"Na kiu je, nayo itajifunga?"
Sikuwa na jibu. Nilirudi baada ya wiki mbili
na betri ya lori begani.

Sasa nairudisha ala, nakaza parafujo,
nasikia mngurumo mdogo, kama paka akilala.
Nje, foleni ya mitungi ya njano imepinda hadi kwa mshona viatu.
Mtoto wa Oguda, amerefuka, magoti yote makovu,
ameinama anachungulia ndani ya mfereji.
"Mbona maji hayatoki na rangi?"

Mimi fundi natafuta maneno,
mawimbi, nishati, vinasaba,
lakini Kageha ameshafungua.
"Rangi imebaki kazini," anamwambia.
"Sogeza mtungi. Shilingi tatu."