Chungu cha Keturah

Sensa ya mwaka arobaini haina jina lako, bibi wa bibi yangu.
Ina kijistari kimoja
katika safu ya wanawake wa miaka ishirini na kitu,
chini ya Asahel Pruett, mkuu wa kaya.
Karani alikuwa na haraka: wino umevuja hadi kwa jirani.

Miaka kumi baadaye wakakuita Katura.
Kumi tena, Kitty.
Na kwenye safu ya kazi: hana.
Hana!
Na chini yako watoto tisa,
watatu wao hawakuifikia sensa iliyofuata,
na sabuni ya majivu, na mahindi, na baridi ya Indiana
iliyogandisha maji ndooni, jikoni, kando ya moto.

Siku ya tatu leo nimo ghorofa ya chini ya mahakama,
vumbi la majalada limenijaa kucha.
Mama mtunza nyaraka ananiuliza, "Umempata?"
Nampata mumeo. Kila nikifunua, mumeo:
ardhi yake, nguruwe wake, deni lake la chumvi.

Kisha Machi ya sabini na moja. Asahel kafa bila wosia,
mali ikapigwa mnada uani kwako.
Plau, kachukua Dillard Coe.
Fahali mwenye pembe moja, kachukua huyo huyo.
Gurudumu la kusokotea, mjane, senti sitini.
Chungu cha chuma, mjane, senti thelathini na tano.

Nikarudia kusoma. Mjane.
Chungu ulichopikia miaka thelathini na miwili
ulikinunua.
Kibaya chako si kizuri cha mwenzio, husemwa;
sheria ilikuuliza: chako kipi?

Mwisho wa orodha, msalaba wenye mguu mrefu,
na karani kaongeza pembeni: alama yake.

Nilitaka kufunga. Lakini bahasha ilikuwa na karatasi moja zaidi,
ya mwaka sabini na tisa, ekari sita kwa ajili ya shule.
Hapo hakuna msalaba.
Kuna Keturah, herufi kubwa kubwa kama za mtoto,
na K imegeuka, inatazama ilikotoka.
Una miaka sitini na miwili.
Nani alikufundisha? Mjukuu, mezani?
Au wewe mwenyewe, kwa mkaa, ubavuni mwa chungu?

Taa za upande wa pili zinazimwa.
Napapasa nyuma ya karatasi kwa kidole.
Uliikandamiza sana kalamu:
huku nyuma jina lote linashikika.