Kielelezo Namba Tisa

Mimi ni mdomo wa kuazimwa.
Nimeapa kusema ya watu kama walivyoyasema,
nisitie chumvi, nisipunguze.

Siku ile feni ya korti ilikuwa mbovu.
Wakili wa kampuni alishuka treni ya usiku
na sanduku la magurudumu, faili kumi na nne.
Akajipangusa shingo, akamsalimu Jaji, akaanza:
kaunti haina mamlaka ya kukataza mbegu
ambayo taifa limeiruhusu.
Wawakilishi wa wadi walinyoosha mikono
mahindi ya maabara yasipandwe Mombasa;
wamevuka mpaka wao. Sheria ifutwe.
Na kampuni ilipwe
faida ambayo ingeipata
kama isingezuiwa kuipata.

Hapo nilikwama.
Kwa Kigiriama, hasara ya kitu ambacho hakijakuwa
inaitwaje?
Nikamwambia Bi Umazi: wanadai mavuno
ya shamba ambalo hawajalima.
Akaniangalia. "Basi nao wana njaa," akasema.
Hilo sikulitafsiri. Hakuwa ameulizwa.

Umazi Chirima, wa Mwakirunge,
ekari moja na robo nyuma ya jaa la taka la jiji,
ambako moshi wa plastiki hulalia mahindi alfajiri
na kunguru wanajua ratiba ya malori.
Alileta kopo la maziwa ya unga, limejaa punje:
mdzihana, mengawa, kanjerenjere.
Alizitaja kama aitaye wajukuu kula.
Karani akaandika: mahindi, mchanganyiko, gramu mia nne.
Akabandika nambari, akatia lakiri.

"Una hati ya kumiliki mbegu hizi?"
"Ninazo."
Hati, mama.
"Nilikopa."
Kwa nani? Kwa riba gani?
"Kwa mkamwana wa dada yangu, mwaka wa Elnino,
ghala letu lilipolowa. Kibaba kwa kibaba.
Akifa kabla sijalipa, namlipa mwanawe.
Alikufa. Nikamlipa mwanawe."

Nikalipitisha neno lile, kukopa,
kwenye Kiingereza cha korti,
likatokea upande wa pili limefunga tai.
Wakili akalidaka hewani:
Mheshimiwa, shahidi amekiri mbegu si zake.

Usiku ule, Kisauni, nilisonga ugali
nikauacha upoe kwenye sinia.
Sikuwahi kuuliza unga wa dukani umetoka wapi,
wala leo sikuuliza.

Wakili wa kaunti, kijana wa suti ya kupwaya,
aliuliza swali moja tu zuri:
upepo ukibeba chavua kutoka shamba la jirani,
nani ataandikiwa samansi?
Jaji alitabasamu, akatazama kalenda.
Shauri likaahirishwa. Likaahirishwa tena.

Mvua za mwaka zikaanza bila idhini ya mtu.
Bi Umazi alikuja mapokezi mara mbili,
tope likimpanda hadi kwenye pindo la leso.
"Nipeni walau nusu. Mvua haingoji."
Nikamweleza: ni ushahidi, mama. Ushahidi haupandwi.
Akanirudisha nyuma, nilirudie taratibu,
kama mtu anayehisi ni lugha yangu iliyokosea.

Mwezi wa sita kopo lilitolewa stoo.
Lakiri nzima, sahihi zote mahali pake.
Ndani: vumbi jeupe, na fukusi wakitembea
juu ya punje zilizotobolewa.
Katika kesi nzima hao ndio pekee
walioupitia ushahidi hadi mwisho.

Wakili akasema hana pingamizi,
kielelezo kitupwe.
Karani akasogeza kikapu cha karatasi.

Bi Umazi alikuwa ameshamwaga vumbi kiganjani,
anachambua kwa ukucha. Kumi na moja nzima.
Akazihesabu upya. Kumi.
"Waambie," akasema bila kuinua macho,
"nami nilikuwa nikitarajia."

Nikasimama, nikaitafsiri.
Hakuwa ameulizwa.